Mtumba mwavaa, mbona mwaficha?

Mhariri,

Salaam sana kutoka Malindi. Mie msomaji wako wa siku nyingi lakini kuandika ndo mara ya kwanza, imebidi manake hili jambo limenichosha. Juzi tulikuwa harusini, kuna shoga yangu kapendeza wallahi, gauni limemkaa, watu wamuuliza kalipata wapi, ati "nimeletewa kutoka Uingereza". Mie kimya nala biriani yangu, na belo lile la mitumba lilipofunguliwa tulikuwa sote, yeye kashika mkono mmoja wa gauni na mie mwingine, nikamwachia kwa vile halikunienea. Ila uongo hakusema jamani, kweli limetoka Uingereza!

Na huko kwenyewe watu hawaoni haya. Oxfam, shirika la misaada la huko, walifungua duka lao la vitu vilivyotolewa na watu kama msaada pale Oxford tangu miaka ya 1940, na mpaka leo mtu na kazi yake na gari yake aingia duka kama hilo anunua koti, vikombe, kitabu, akitoka awatangazia wenziwe alivyopata kwa bei ya chini. Nguo zilizokosa mnunuzi nyingi huuzwa kwa kilo, zafungwa belo zatiwa kontena, ndo hizo twazigombania sisi halafu twazivaa kwa kujificha.

Machi 2020 serikali ilipozuia mitumba kuingia nchini kwa ajili ya korona mpaka Agosti, waliolalamika sana mtaani kwetu ni hao hao "wasiovaa" mtumba.

Mie naenda asubuhi belo likifunguliwa nachagua kamera, zile nguo bora za kwanza, fagia, yaani mabaki, naingojea jioni bei ikishuka, hiyo ya watoto kuchezea mchangani. Naangalia kwapa na zipu kwanza, rangi baadaye, na likiwa kubwa kuna fundi cherehani jirani yangu hulipunguza kwa shilingi 100 tena kwa maneno mengi. Nguo za ndani nanunua mpya, hapo sibishani na mtu. Na kofia ya vito aliyoacha marehemu babu, mume wangu aivaa kila Idi na sijasikia mtu akiiita mtumba.

Shoga yangu ukisoma hii usinikasirikie, jina sijataja. Jumamosi kuna belo la magauni, nishamwambia muuzaji tutakuwa wawili.

Mama wa Malindi