Kifaa cha kumfuatilia mgonjwa wa moyo kiwe na mtu wa kukijibu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vihisi, yaani vifaa vya kupima hali ya mwili vilivyounganishwa na intaneti, ambavyo hospitali zinazidi kuwapa wagonjwa wa moyo warudi navyo nyumbani baada ya upasuaji. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa hao na naviunga mkono vifaa hivyo, ila kwa sharti moja: mgonjwa asikabidhiwe kihisi kabla hajaambiwa ni nani atakayesoma taarifa zake, usiku na mchana, akiwa na mamlaka ya kuchukua hatua.

Haja yake ni ya kweli. Asilimia 20 hadi 40 ya wanaofanyiwa upasuaji wa moyo hupatwa na mapigo yasiyo na mpangilio katika vyumba vya juu vya moyo, aghalabu siku ya pili hadi ya nne, na hali hiyo inaweza kurudi mgonjwa akiwa kwake. Wengine hawahisi lolote, ilhali damu yaweza kuganda ndani ya moyo na kuleta kiharusi. Kihisi kinachobandikwa kifuani huyanasa mapigo hayo, na mizani inayotuma uzito kila asubuhi huonyesha kilo mbili zilizoongezeka kwa siku chache, dalili ya maji kujaa mwilini, pengine kabla mgonjwa hajaanza kuhema.

Lakini taarifa isiyosomwa kwa wakati haimsaidii mtu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, wenye wagonjwa zaidi ya 1,600 wa moyo kushindwa kufanya kazi, uliwataka nusu yao wapige simu kila siku kwa mtambo na kueleza dalili na uzito wao; majibu yalipitiwa siku za kazi tu, na haukupunguza vifo wala kulazwa tena. Mwaka 2018 Ujerumani ilitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 1,500, nusu yao wakifuatiliwa na kituo chenye madaktari na wauguzi saa 24, na kwa hao vifo vilipungua. Tafiti hizo zilitofautiana kwa mengi, na wagonjwa wake hawakuchaguliwa kwa sababu ya upasuaji, lakini kwangu mimi tofauti ya kuwa na mtu wa zamu ndiyo nzito kuliko zote.

Liko pia jambo linalotugusa sisi wenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Familia iambiwe waziwazi kwamba mgonjwa akihema kwa shida apelekwe hospitali, hata kama namba ni nzuri. Usiri wa taarifa nao ulindwe kwa mkataba unaosomeka.

Ninachopendekeza hakina gharama kubwa. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, tahadhari ya majaribio itumwe kutoka kwenye kifaa chake, tena saa za usiku, na isubiriwe simu ya kumuuliza hali. Isipopigwa, hospitali isihesabu kwamba mgonjwa huyo anafuatiliwa, na mipango yake ya kurudi kliniki ibaki kama ya asiye na kifaa.

Wako mwaminifu,
Muuguzi wa wagonjwa wa moyo