Kuyeyuka kidogo si kutoyeyuka

Mhariri,

Makala ya gazeti lako kuhusu maji yanayochafuliwa na masizi na lami ilieleza kwamba hidrokaboni aromatiki zenye pete nyingi (kemikali za kaboni na hidrojeni ambazo atomu zake zimeungana kama pete) haziyeyuki majini. Kauli hiyo imezoeleka, lakini si sahihi. Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, tukichukua mifano mitatu ya kundi hilo, lita moja ya maji huyeyusha takriban miligramu 31 za naftalini, miligramu 1 hivi ya fenanthrini, na mikrogramu chache tu za benzopirini. Hizo chache zinatosha kuleta matata, kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa unaweka kikomo cha benzopirini kuwa mikrogramu 0.7 kwa lita.

Kazi ngumu ni kuzipima. Ukitia unga wa kemikali hizi katika chupa ya maji na kuitikisa, kama ifanywavyo kwa chumvi, mtikiso wenyewe hutawanya chembe ndogo mno ambazo hazijayeyuka, nazo hupenya chujio na kuhesabiwa pamoja na zilizoyeyuka, hata jibu likazidi ukweli. Wakati huohuo molekuli zilizoyeyuka kweli hunata kwenye kuta za chupa na kwenye chujio, jibu likapungua. Mpimaji hubaki na tarakimu moja asiyojua imepotoka upande gani.

Ndiyo maana May na wenzake, wa National Bureau of Standards (taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani), walichapisha mwaka 1978 njia isiyohitaji kutikisa chochote: maji husukumwa polepole ndani ya mrija uliojaa shanga ndogo zilizopakwa kemikali inayopimwa, yakatoka yameshiba kemikali hiyo, yaani hayawezi kuyeyusha zaidi, kisha yakaingia moja kwa moja katika mfumo wa kromatografia (unaotenganisha kemikali na kuzipima) bila kumiminwa chomboni. Kwa maoni yangu, tarakimu ya chupa iliyotikiswa haifai kuwekwa safu moja na ya mrija huo pasipo maelezo.

Wala haitoshi kukisia umumunyifu, yaani kiasi kinachoweza kuyeyuka majini, kwa kutazama fomula. Fenanthrini na anthrasini zote zina atomu 14 za kaboni na 10 za hidrojeni, lakini fuwele za anthrasini zimeshikana zaidi (zikipashwa joto bila maji hugeuka kioevu kwenye nyuzi 216 hivi, ilhali za fenanthrini hugeuka karibu na 100), na umumunyifu wake majini ni mdogo zaidi ya mara kumi.

Naomba basi, gazeti likichapa tena tarakimu za aina hii, litaje halijoto, njia iliyotumika, na kama maji yalikuwa yasiyo na chumvi au ya bahari, kwa sababu chumvi nayo huupunguza umumunyifu huo.

Wako,
Mkemia wa maabara