Kwenye SF-86, bangi ya zamani isemwe

Mhariri,

Vijana wetu wenye uraia wa Marekani wanaoomba kazi jeshini au kwa makandarasi wa ulinzi hupewa ushauri uleule mtaani kuhusu swali la dawa za kulevya kwenye SF-86, fomu ya kuombea kibali cha kushika siri za serikali: "Kama hukukamatwa, andika hapana." Ushauri huo ndio unaowaponza.

Kifungu cha 23 cha fomu ya SF-86 hakiulizi tu habari za kukamatwa. Kinauliza kama umetumia dawa za kulevya katika miaka 7 iliyopita, na kipimo chake ni sheria ya shirikisho, si ya jimbo. Bangi iliyonunuliwa dukani kwa risiti Colorado inaandikwa. Miraa nayo husahaulika, maana kwao Meru ni zao la biashara. Lakini kathinoni, kemikali ya kuchangamsha iliyomo kwenye majani mabichi, imewekwa na Marekani kundi moja na heroini. Aliyetafuna Minneapolis asijidanganye kwamba ilikuwa mboga. Na kama ulitumia chochote ukiwa na kibali, miaka 7 haikuhusu: unalisema hata kama ni la zamani sana.

Ukijibu ndiyo, utatakiwa kutaja aina, mwezi na mwaka wa mara ya kwanza na ya mwisho, umetumia mara ngapi, na kama unakusudia kutumia tena. Watu huharibu kwenye idadi. "Mara chache" haimsaidii mpelelezi. Andika, kwa mfano, "takribani mara 15, wikendi, na wenzangu wa chuo", tia alama ya makadirio kwenye tarehe usizokumbuka vizuri, kisha ujiwekee nakala. Mpelelezi atakuhoji ana kwa ana, na anaweza kuzungumza na uliokaa nao chumba kimoja. Hesabu isipolingana, bangi inageuka kesi ya ukweli wako. Kununua na kugawia wengine ni swali la peke yake, hata kama rafiki alikurudishia tu pesa yako.

Wanaoamua nani apewe kibali hufuata mwongozo uliotumika tangu 2017. Dawa za kulevya ziko chini ya kigezo H, na hapo muda uliopita, kuachana na kundi la zamani, na tamko lenye sahihi kwamba hutatumia tena hukupunguzia uzito. Desemba 2021 mkurugenzi wa ujasusi wa taifa alifafanua kwamba bangi ya zamani peke yake haikati shauri. Anayevuta hadi leo ni habari nyingine. Sheria inakataza apewe kibali. Uongo uko kigezo E, tena ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5, wakati fomu yenyewe inaahidi kwamba jibu la kweli kwenye kifungu hicho halitatumika kukushtaki.

Aliyekwisha kuandika hapana asahihishe kabla hajaulizwa, hata ikiwa ni mwanzoni mwa mahojiano. Akingoja aonyeshwe ushahidi kwanza, kukiri hakumsaidii tena.

Haya yote ni kwa raia. Mwenye kadi ya kijani asiyachukue kwenye fomu ya uraia N-400: huko kukiri dawa, hata bangi halali ya jimbo, kunaweza kumnyima uraia au kumfukuzisha nchini. Asidanganye, ila asijaze kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji. Na aliyepata uraia kwa kuandika hapana, kisha SF-86 inamdai ndiyo, amwone wakili kabla ya kubonyeza kutuma.

Wasomaji wako,
Columbus, Ohio