Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar: mashine ya ekmo isitangulie damu na oksijeni

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam alaykum.

Tunakuandikia sisi watu wa kazi ya dharura na wagonjwa mahututi, kuhusu ekmo, mashine inayoitoa damu mwilini, ikaitia oksijeni nje, kisha ikairudisha. Siku moja pendekezo la kuinunua litafika mezani kwako, pengine likiwa na mfadhili nyuma yake na picha za kuvutia mbele yake. Tumependa barua hii ifike kabla.

Rai yetu tunaitoa mapema. Mashine hii inaokoa watu kweli, na hatuipingi. Lakini inasimama juu ya mambo manne: damu, oksijeni, umeme usiokatika na wauguzi waliozoea. Pasipo hayo, ekmo inakuwa njia ghali ya kumpoteza mgonjwa. Na hayo manne, yakiwepo, yataokoa mamia ya watu ambao hawataihitaji kabisa.

Historia yenyewe inatuhusu. Mtu mzima wa kwanza kupona kwa mashine ya aina hii, mwaka 1971 huko California, alikuwa kijana wa miaka 24 aliyepata ajali ya pikipiki. Mshipa wake mkuu wa damu ulichanika, ukashonwa, kisha mapafu yakagoma. Daktari J. Donald Hill na wenzake walimweka kwenye mashine kwa saa 75. Anayetazama vijana wetu wa bodaboda barabarani Amani au Mwanakwerekwe ataona mara moja kwa nini kisa hicho kinatia tamaa. Tunaomba kisomwe chote: mshipa ulishonwa kwanza, mashine ikafuata.

Kazi yake ni hivi. Kanula, yaani mpira mnene, ya kuvuta damu huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa kinenani. Unene wake ni milimita 7 hadi 8, sawa na penseli. Pampu huivuta damu na kuisukuma ndani ya pafu bandia, kijisanduku kilichojaa nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani. Oksijeni hupita ndani ya nyuzi, damu hupita nje yake. Damu inaingia nyeusi, inatoka nyekundu, lita 3 hadi 5 kila dakika. Kwa kuwa mtu mzima ana damu lita 5 hivi, damu yake yote inatembea nje ya mwili kila dakika moja au mbili. Kama moyo ni mzima na mapafu ndiyo yaliyoshindwa, damu hurudishwa kwenye vena, mshipa unaopeleka damu moyoni. Kama moyo umesimama, hurudishwa kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na hapo ndipo hatari zinapoongezeka.

Kanula ya ateri huziba njia ya damu ya kwenda mguuni. Bila ya kanula ndogo ya pili, milimita 2 hadi 3, inayopeleka damu chini, mguu unaweza kufa ndani ya saa chache, na mgonjwa aliyerudishiwa moyo akaishia kukatwa mguu. Kisha moyo ukianza kupiga tena huku mapafu bado mabovu, damu yenye upungufu wa oksijeni ndiyo inayokwenda kichwani, na ile nyekundu ya mashine inaishia tumboni na miguuni. Kipima oksijeni kikiwekwa kidole cha mguu kitasoma 99 na wodi nzima itatulia, ilhali ubongo unakosa hewa. Ndiyo maana kipimo huwekwa mkono wa kulia, unaopata damu ileile iendayo kichwani, daima. Ni jambo dogo kulisema. Kulikumbuka saa tisa za usiku kunataka mazoezi.

Tukuoneshe jingine kwa karibu. Mpira wa kuvuta damu ukianza kutikisika kama mshipi ulionasa samaki, maana yake pampu inanyonya ukuta wa mshipa kwa sababu damu iliyomo mwilini ni chache. Asiyefundishwa huona mtiririko umeshuka, akaongeza kasi ya pampu. Kunyonya kunazidi, chembe nyekundu zinapasuka, mkojo unageuka rangi ya chai kavu. Aliyefundishwa hupunguza kasi kwanza, akatia damu au maji, kisha akatafuta pahala inapovuja. Kitufe ni kilekile kimoja. Anayekigusa ndiye anayeamua.

Na damu inayorudi ikianza kuwa nyeusi, kabla ya kulaumu pafu bandia, fuata mpira wa gesi kwa mkono mpaka ukutani. Mara nyingine umechomoka tu, au silinda imekwisha.

Umeme nao. Betri ya mashine hushika nusu saa hadi saa moja na nusu, kutegemea aina na uchakavu wake. Ikiisha, mtu huzungusha pampu kwa mkono, zamu kwa zamu. Pampu hizi hazina vali: zikisimama, damu ya ateri hurudi kinyumenyume kwenye mpira kwa nguvu ya ateri yenyewe, kwa hiyo kibanio cha kuubana mpira kinapaswa kuning'inia kitandani, siyo kulala kwenye droo. Wazanzibari wanalikumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, kebo ya kutoka bara ilipoharibika na Unguja ikaishi kwa jenereta kwa miezi mitatu. Hali ya umeme si ile tena, lakini swali la kumwuliza mhandisi wa hospitali halijabadilika: umeme wa gridi ukikatika, jenereta inashika baada ya sekunde ngapi, mafuta yaliyopo ni ya saa ngapi, na nani aliijaribu wiki hii ikiwa na mzigo kamili?

Kuna tafiti mbili tunazopenda uziweke pamoja. Mwaka 2020, mjini Minneapolis, Marekani, watu ambao mioyo yao ilisimama ghafla na kugoma hata iliposhtuliwa kwa umeme waligawanywa makundi mawili. Kati ya 14 waliopelekwa kwenye ekmo, 6 walitoka hospitali wakiwa hai. Kati ya 15 wa matibabu ya kawaida, mmoja tu. Kisha Uholanzi ikajaribu jambo hilohilo katika hospitali 10, na matokeo ya mwaka 2023 yalikuwa asilimia 20 ya waliopona na akili zao timamu kwenye kundi la ekmo, dhidi ya asilimia 16. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kutothibitisha faida. Uholanzi si nchi maskini, na vifaa vilikuwa vya aina ileile. Sisi tunasoma hapo tofauti ya mikono: kikundi kimoja kinachofanya kazi hiyo kila mara, dhidi ya vikundi vingi ambavyo kila kimoja hupata wagonjwa wachache. Wataalamu wa fani wameshauri kituo kihudumie wagonjwa wa ekmo wasiopungua 20 kwa mwaka ili mikono isisahau. Kwa visiwa vyenye watu milioni 1.89, kwa sensa ya 2022, idadi hiyo ya wagonjwa wanaofaa, waliofika kwa wakati, si rahisi kuipata.

Nani basi angefaa hapa? Tuanze na bahari, maana hilo ndilo litakalosemwa mwanzo. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011, MV Skagit Julai 2012, na hakuna familia isiyomjua aliyefiwa. Itasemwa kwamba ekmo hufufua waliozama. Ni kweli, kwenye barafu. Mwaka 1999 huko Norway, Anna Bågenholm alinasa chini ya barafu ya kijito, joto la mwili likashuka hadi nyuzi 13.7, akapashwa moto kwa mashine ya moyo na mapafu, akapona. Baridi iliutangulia mwisho: ubongo ulipoa kabla moyo haujasimama, ukawa hautumii oksijeni. Bahari yetu ni nyuzi 25 hadi 30 mwaka mzima. Maji ya Nungwi hayapoozi ubongo. Aliyezama hapa ana dakika chache tu, na dakika hizo ziko mikononi mwa mvuvi aliyemvuta kwenye ngalawa.

Huyo mvuvi ndiye wa kufundishwa. Pumzi 5 za mdomo kwa mdomo kwanza, kwa sababu kilichomuua ni kukosa hewa. Kisha kukandamiza katikati ya kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, na pumzi 2, na kuendelea. Asiminywe tumbo wala asining'inizwe kichwa chini: kinachotoka hapo ni chakula, nacho huziba koo. Mafunzo haya ni ya asubuhi moja, yanafanyika diko la samaki, na yanataka mdoli na mwalimu tu. Tungependa kila nahodha, kila mzamiaji wa watalii na kila mfanyakazi wa boti za Dar na Pemba awe ameyapata kabla ya leseni yake kuhuishwa.

Kisha majeruhi. Wa bodaboda, na Pemba wakati wa vuno, wachumaji wanaoanguka kutoka kwenye mikarafuu ambayo hupita mita 10 na matawi yake ya juu hukatika bila ya kutoa onyo. Wengi wa hawa wanaokufa mapema hufa kwa kumwaga damu au kwa hewa iliyovuja kutoka mapafuni ikajaa kifuani. Pampu haiwezi kuzungusha damu ambayo haipo. Tena mashine kwa kawaida hutaka heparini damu isigande ndani ya mipira. Kwa majeruhi wa kichwa dawa hiyo yaweza kuwa ndiyo ya kummaliza. Vituo vyenye uzoefu huendesha ekmo siku kadhaa bila heparini kwa kuweka mtiririko mkubwa, lakini huo si ufundi wa kuanzia.

Dawa anayoihitaji majeruhi huyu ni asidi ya traneksamiki, inayozuia damu kuendelea kumwagika, na bei yake ni ndogo: gramu 1 mshipani kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Utafiti uliochapishwa 2010, wenye majeruhi zaidi ya 20,000, ulionesha inapunguza vifo. Sharti lake ni saa. Ianze ndani ya saa 3 tangu kuumia, na heri ndani ya saa ya kwanza. Baada ya saa 3 imeonekana kuongeza vifo vya kutoka damu. Kwa hiyo kuiweka hospitali ya Mnazi Mmoja mjini peke yake hakumsaidii aliyeanguka Micheweni, Pemba, au Makunduchi, kusini ya Unguja. Iwe kwenye kila gari la wagonjwa na kila hospitali ya wilaya, na saa ya kuumia iandikwe kwenye fomu ya rufaa, juu kabisa, kwa tarakimu kubwa.

Damu yenyewe itolewe ikiwa imepashwa moto, kwa sababu mwili uliopoa haugandishi damu. Kila chupa ina dawa ya kuzuia kuganda inayofunga kalsiamu ya mgonjwa. Baada ya chupa 4 apewe kalsiamu, au utaona damu inachuruzika hata pale sindano ilipochoma. Na kifua chenye hewa kitobolewe kwa mpira uliounganishwa na chupa yenye maji, ncha ikizama sentimita 2. Mpira huo usibanwe safarini. Tunasisitiza kwa sababu kosa hili hufanywa kwa nia njema, ati maji yasirudi: hewa inakosa pa kutokea, inauminya moyo, na mgonjwa anafia kwenye gari akiwa na mpira uliowekwa sawasawa. Chupa iwekwe chini ya usawa wa kifua, basi.

Hesabu ya oksijeni nayo ifanywe kabla ya safari. Silinda ndogo ya lita 680, kwa lita 10 kwa dakika, ni dakika 68. Boti ya Unguja kwenda Dar peke yake ni karibu saa mbili, hujaongeza gari la kwenda bandari ya Malindi, kusubiri, na foleni ya upande wa pili. Safari ya saa 4 kwa kiwango hicho ni lita 2,400, na kanuni ni kubeba mara mbili: 4,800. Hizo ni silinda ndogo 8, au kubwa moja ya lita 6,800, ambayo inataka watu wawili kuibeba na pahala pa kuifunga isigeuke kombora.

Kwa hayo, Mheshimiwa, tunaomba haya. Kila hospitali ya Unguja na Pemba ianze kuweka daftari la kila siku: siku zilizopita bila ya damu ya kundi O, bila ya oksijeni ya kutosha, na dakika ambazo wodi ya mahututi ilikaa gizani. Zikipatikana miezi 12 mfululizo daftari likiwa safi, mazungumzo ya ekmo yafunguliwe, nasi tutakuwa wa kwanza kuyaunga mkono. Wakati huo wauguzi wetu watano au sita wapelekwe kwenye Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako upasuaji wa moyo hufanywa, wakakae karibu na wanaoendesha mashine ya moyo na mapafu kila siku. Wakirudi wasihamishiwe wodi nyingine. Muuguzi wa mahututi aliyepelekwa kliniki ya nje ni mafunzo yaliyomwagwa.

Na waraka kuhusu asidi ya traneksamiki na mpira wa kifua hauhitaji mfadhili wala bajeti mpya. Ukurasa mmoja, saini yako, unabandikwa ndani ya kila gari la wagonjwa. Tunaomba utoke kabla ya vuno lijalo la karafuu.

Wako katika kazi,
Wauguzi na madaktari wa dharura, Unguja na Pemba