Kinachobanduka Ndani ya Mfuniko Si Rangi

Wiki iliyopita mteja wetu mmoja aliingia na jiko lake la mkaa la kuchomea, lile la mviringo lenye mfuniko, akalitua mezani kwa kishindo. Akapitisha kidole ndani ya mfuniko, magamba meusi yakamwagika. "Mliniambia hii ni enameli. Haya sasa ni nini kama si rangi?" Alikuwa amekasirika, na haki alikuwa nayo. Mtu amelipa zaidi ya bei ya jiko la kawaida ili apate enameli, ule utando mgumu unaoyeyushiwa juu ya chuma, halafu anaona vigaga vikidondokea chakula chake. Lazima ajihisi ameibiwa.

Lakini ile si rangi, na kwa kuwa yeye ni wa nne mwezi huu, naona niandike.

Moshi na mafuta hupanda, hugusa mfuniko na kuganda pale. Moto wa siku nyingine huyakausha, na tabaka juu ya tabaka hugeuka kaboni. Likishakuwa nene hujikunja na kubanduka. Nilichukua karatasi ya alumini, nikaifinyanga donge, nikasugua sehemu yenye ukubwa wa kiganja. Chini yake enameli ikatokea nyeusi, laini, inang'aa hadi taa ya dari ikaonekana ndani yake. Mteja akanyamaza, kisha akaniomba lile donge asugue mwenyewe.

Nyumbani unaweza kupima hivi: saga gamba kwa vidole. Likigeuka unga mweusi, ni masizi. Enameli ikivunjika hutoka kipande kigumu chenye makali kama kioo, na mahali ilipotoka unaona chuma kitupu. Kwa kweli ni kioo hasa, unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya bati la chuma ndani ya tanuri lenye joto la takriban nyuzi 800 za Selsiasi. Mfuniko wa jiko lako haufiki huko.

Sasa njia ya mkato. Wengi wakiona magamba hununua rangi ya kupuliza na kuifunika ile hali. Mama mmoja alituletea jiko lililopuliziwa ndani mara tatu. Rangi ilishika masizi badala ya kushika enameli, kwa hiyo masizi yalipobanduka yalikwenda nayo. Tulikwangua siku mbili. Alilipa mara kadhaa ya gharama ya kusafisha tu, na nilimweleza wazi kwamba pesa ile ilikuwa ya kuondoa rangi. Ndani ya jiko usipake kitu, tafadhali.

Moto hauyaui majiko haya. Yanakufa kwa maji na majivu. Mtu amemaliza kuchoma, anamwagia mkaa ndoo ya maji ili awahi kulala. Enameli yenye moto ikipigwa na maji baridi hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, na kutu huanzia humo. Majivu nayo yakilowa huganda chini kama saruji. Yana chumvi, huvuta unyevu, na maji yake ni makali. Ndiyo watu waliyotumia tangu zamani kutengenezea sabuni. Vizibo vya matundu ya hewa vikiwa vya alumini, huliwa taratibu. Mapanga ya kufagia majivu, yale mabapa ya ndani chini ya jiko yanayozungushwa kwa mpini, hukwama, kisha mwenye jiko anagonga mpini kwa nyundo. Tumepokea bakuli, yaani nusu za chini za majiko, zilizotoboka kwa nyundo hiyo, wakati juu kote jiko lilikuwa zima kabisa.

Ukitaka kuzima, funika na ufunge matundu yote, ya juu na ya chini. Mkaa hukosa hewa, hufa wenyewe, na uliobaki utauwasha tena. Kesho yake majivu yakiwa yamepoa na bado makavu, yatoe. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano.

Kuhusu bei, tunaambiwa kila siku kwamba kuna mahali yanauzwa nusu ya bei yetu. Yapo, na mengi yamepakwa rangi tu, bati ni jembamba kiasi cha kubonyea kwa kidole gumba, na mfuniko haukai sawa, hewa inapita pembeni. Jiko lisiloziba hewa huwezi kulitawala. Mwaka 1952 huko Chicago, George Stephen, fundi katika kiwanda kilichotengeneza maboya ya chuma, aliligeuza umbo la boya kuwa jiko: nusu ya chini ya kuwekea mkaa, nusu ya juu ya kufunikia, na matundu ya hewa. Hadi leo hakuna aliyelibadilisha sana, kwa sababu halina kona ya maji kutuama wala bomba la kuziba. Mwezi uliopita nimebadilisha wavu wa mkaa wa jiko lenye zaidi ya miaka 20. Bakuli lake sikuligusa, halikuhitaji chochote.

Ukitutumia picha kabla ya kuja, usipige mfuniko peke yake. Toa chombo cha majivu, liinamishe jiko, upige matundu ya chini kwa karibu. Hapo ndipo tunapoona kama ni kazi ya saa moja au bakuli limekwisha.