Barua kutoka Wete, msimu wa karafuu

Wete, Pemba
Oktoba

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Magazeti uliyonipelekea nimeyapata salama, na alhamdulillah sote huku wazima. Umeniuliza kilichonifanya niache habari za siasa pale mjini nije kushika kipindi cha wakulima kwenye redio ndogo ya Pemba. Swali hilo nimeshaulizwa na wengi, nikawajibu juu juu. Wewe nataka nikujibu kwa kituo.

Huku karafuu zimekolea. Toka Mtambwe mpaka Ole ukipita na gari, kila uwanja umetandikwa majamvi, na harufu inakufuata hadi ndani. Mchana wachumaji wako juu ya mikarafuu, usiku watu wazima na watoto wanakaa kuchambua, makonyo, yaani vikonyo vyake, mbali na karafuu mbali. Msimu ukiwa mkubwa, mji mzima unaishi kwa pishi, kile kipimo chetu cha karafuu: mchumaji analipwa kwa pishi, mama muuza chakula anahesabu kwa pishi, hata deni la dukani linangojea pishi.

Sasa sikiliza kinachonikereketa. Mnunuzi wa karafuu za mkulima ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na hununua kwa daraja, la kwanza mpaka la tatu. Karibu kilo tatu mbichi ndizo zinazotoa kilo moja kavu. Mtu amelipa wachumaji, amelisha watu, amekesha akichambua, halafu jasho lake lote linaamuliwa na siku chache za jua. Zikirundikwa mbichi zikapata fukuto, au zikinyeshewa kabla hazijakauka, rangi inaharibika na daraja linashuka. Na vuli nayo inaanza mwezi huu huu, watu wakiwa na karafuu uwanjani! Kwa hiyo habari kubwa kuliko zote Pemba kwa sasa ni kama kesho itanyesha au haitanyesha.

Nimeyapekua magazeti yako yote. Ziara za viongozi kwenye kambi za karafuu zimo, bei imo, magendo ya kuvukia Kenya yamo. Kuhusu mvua ya kesho sikuona hata mstari. Sisemi ziara zisiandikwe, wala bei si jambo dogo. Lakini mkulima akishajua bei ya daraja la kwanza, atafanyaje alifikie? Hapo ndipo habari zetu za kilimo zinapomwacha njiani, na mimi naona ni dhulma, kwa sababu kisiwa hiki kimelilisha taifa kwa zao hili tangu kimbunga cha 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja na Pemba ikasalimika.

Basi tukaanza kusoma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa mara mbili kwa siku, alfajiri baada ya Qur'ani na jioni kabla ya Magharibi, tena kwa maneno ya kawaida: leo anika, kesho mchana uwe karibu na majamvi yako. Tukamleta na mkaguzi wa madaraja ya karafuu akaeleza anatazama nini anapotia mkono ndani ya gunia. Simu zilizopigwa siku ile, wallahi, mtangazaji alishindwa kufunga kipindi. Mzee mmoja akasema siku hizi anapanga uchumaji kwa redio: akisikia mvua inakuja, anawapumzisha watu, karafuu zibaki mtini siku moja zaidi. Akikawia sana zinapasuka na kuwa maua, hilo analijua kuliko mimi. Lakini siku moja anaimudu.

Mwezi uliopita nilivuka Unguja. Niliposhuka Malindi nilipanda daladala moja kwa moja hadi Paje, kwa kuwa maji ya bamvua, yanapokupwa sana, hayamngojei mtu na mimi nilitaka kuwakuta wakulima wa mwani kazini. Wanawake wale wameilima pwani ile tangu 1989. Zamani walikuwa na kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, lakini bahari imepata joto na kotonii inakufa kwenye maji ya kina kifupi. Imebaki spinosamu, aina nyingine, ambayo bei yake haifiki hata kuwa nusu ya taabu yake. Kotonii ingeweza kuota maji makubwa, ila kule kunataka boti na kujua kuogelea, na wengi wao hawana boti wala hawakufundishwa kuogelea.

Nilipowauliza mwani wao unakwenda kufanywa nini, wachache waliniambia habari za ute unaotiwa kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Nilipouliza bei ya huko unakopelekwa, wote walinyamaza. Bei wanaiambiwa na mnunuzi mwenyewe, siku ya kupima. Fikiri, somo yangu, anayenunua mali yako ndiye gazeti lako na ndiye redio yako! Hata faida ya kukausha kwenye chanja badala ya mchangani, waliijua kwa kuambizana wao kwa wao. Habari za kiwanda cha mwani cha Chamanangwe, hapa Pemba, ziliandikwa kurasa na kurasa, na ni vizuri, lakini hawa ndio wenye mali, nao hawana wa kuwapasha habari.

Nilirekodi sauti zao mpaka maji yakajaa. Wenzao wa Tumbe na Makangale, huku Pemba, ambao hawajawahi kukutana nao, watazisikia wiki ijayo, na nimeshapata ahadi ya mtaalamu wa masoko kuja kujibu.

Sasa na mimi nina ombi. Zungumza na mhariri wako akupe kisanduku kidogo ukurasa wa pili, kila siku mpaka msimu uishe: utabiri wa Pemba, na neno moja la kukausha. Najua gazeti linafika huku mchana, kwa hiyo mtie utabiri wa siku mbili mbele. Akikataa, mwambie aje Wete siku mbili, nitampokea mwenyewe Mkoani boti ikifunga.

Na ukipata mtu wa kuaminika wa boti ya Jumamosi, nipelekee betri za kinasa sauti, za hapa haziishi hata kipindi kimoja. Mama anakusalimu sana, anauliza lini utakuja.

Wasalaam,
Somo yako