Ufuo wa kasa ukijengwa, kasa wake hawahamii kwingine

Mhariri,

Kila unapojadiliwa ujenzi kando ya fuo za Lamu na Malindi, husikika hoja kwamba kasa ni wanyama wa bahari kuu, huogelea mamia na hata maelfu ya kilomita, na kwa hivyo ufuo mmoja ukichukuliwa watakwenda kutaga kwingine. Hoja hii hutolewa na watu wenye nia njema, tena wengine ni viongozi wanaotoa vibali, ndiyo maana naomba nafasi niijibu. Inasahau kwamba mahali anaporudi jike kutaga na mahali zinapofika mbegu za dume ni mambo mawili tofauti.

Kwa wanyama wengi, jinsia moja hubaki ilipozaliwa na nyingine huhama, na kwa njia hiyo ndugu huepushwa kuzaana. Mwaka 1980 mtafiti Paul Greenwood alionyesha kwamba kwa mamalia anayehama aghalabu ni dume, na kwa ndege ni jike. Nyani wetu wa pwani hufuata kanuni hiyo: majike huzeeka katika kundi la mama zao, na madume wakipevuka hutafuta makundi mengine. Wapo pia wanaokwenda kinyume, na mfano hauko mbali, kwani kwa mbega wekundu wa Mto Tana majike nao huhama kundi moja wakajiunga na jingine.

Kasa wa kawaida, yule wa nyama na mafuta ya kijani, ana habari ya peke yake. Jike huweza kulisha kwenye nyasi za bahari pamoja na kasa waliozaliwa nchi mbalimbali, lakini wakati wa kutaga ukifika hurudi kwenye eneo la fuo alikoanguliwa yeye mwenyewe. Hili lilithibitishwa kwa kuchunguza DNA ya mitokondria, ambayo mtoto huirithi kwa mama tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 kuhusu kasa wa Atlantiki na Karibiani ulikuta kwamba majike wanaotaga katika fuo zilizo mbalimbali hutofautiana kwa koo za kina mama. Miaka miwili baadaye ilipochunguzwa DNA inayotoka kwa wazazi wote wawili, tofauti baina ya fuo zilionekana kuwa ndogo zaidi, maana madume hupandana na majike wa fuo nyingine. Utafiti wa Australia wa mwaka 1997 uliongeza jambo ambalo mimi naliona la maana sana: madume nao huelekea kurudi walikozaliwa, ila njiani na malishoni hukutana na majike wa kwingine, na hapo ndipo damu huchanganyika. Sisi watu wa Lamu hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hili, kwani kwa desturi yetu ya zamani nyumba hupewa binti, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe.

Matokeo yake kwa ufuo uliojengwa ni mazito. Jike anaweza kusogea kilomita kadhaa kutoka mahali alipotaga mara iliyopita, lakini majike wakiisha katika eneo zima, madume wa Shelisheli au Komoro hawawezi kuwarudisha, kwa sababu dume hatagi. Vipimo vya jeni vitaendelea kuonyesha kwamba kasa wa bahari yetu wana uhusiano, ilhali ufuo wenyewe ni mtupu. Tena hasara hii huchelewa kuonekana: kasa huchukua miaka 25 au zaidi kupevuka, hivyo mabinti wanaokosekana leo watahesabiwa na watoto wetu.

Kuna jambo la pili linalowahusu madume. Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga yai likiwa ardhini; kwenye nyuzi 29 hivi za Selisiasi hupatikana madume na majike, na mchanga ukizidi joto hupatikana majike karibu watupu. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba miongoni mwa kasa wachanga waliotoka fuo za kaskazini mwa Great Barrier Reef, safu kubwa ya miamba ya matumbawe huko Australia, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Madume wakiadimika, hata kile kiungo baina ya fuo na fuo kitadhoofika. Anayefyeka vichaka na miti ya ukingo wa pwani ili wageni waone bahari huondoa kivuli kilichokuwa kikipoza viota.

Taa nazo zisisahauliwe. Watoto wa kasa hutoka mchangani usiku na kufuata upande wenye mwanga, ambao kwa asili ni wa bahari. Penye taa za hoteli hugeuka na kupanda juu, na asubuhi alama zao ndogo huonekana zimeelekea ukutani badala ya majini.

Naziomba serikali za kaunti za Lamu na Kilifi, kabla ya kutoa kibali chochote cha ujenzi, zidai hesabu ya viota vya ufuo ule unaohusika, si maelezo ya jumla kuhusu kasa wa Kenya. Taa zinazotazama bahari zifunikwe au zizimwe msimu wa kuangua. Jarife, zile nyavu kubwa za kutega baharini, zisitegwe mbele ya fuo za kutagia wakati majike wanapokaribia nchi kavu, na vikundi vya wavuvi vishirikishwe kuamua tarehe, kwa kuwa wao ndio wanaojua kasa huanza kuonekana lini. Wanaolinda viota, wa Watamu hadi Kiunga, wapewe pia vipimajoto vya kufukia karibu na mayai, tujue fuo zipi bado zinatoa madume, na hizo ziwe za kwanza kulindwa.

Mwalimu wa Baiolojia,
Lamu.